Kinywaji kitamu pasipo ngano: tuulize nafaka, tusiulize pombe tu



Baada ya mkutano mmoja wa koperative hapa Kapolowe, mama mmoja mwanachama alibaki nyuma, akangoja watu watoke, ndipo akatuuliza swali. Mtoto wake wa miaka sita alikuwa anaharisha miezi na miezi. Tumbo limevimba, mikono na miguu myembamba, na wadogo wake wanamfikia kwa urefu. Walimpeleka hospitali mjini, akatolewa damu, na munganga akasema: mtoto huyu asile tena kitu chenye ngano. Mama alitii. Mukate ukatoka nyumbani, beignet zikatoka, makaroni zikatoka. Mtoto akaanza kunenepa. Kisha, wiki chache baadaye, ugonjwa ukarudi.

"Mukate tunamunyima," alisema. "Anakula bukari na samaki tu. Asubui namupa chupa ya malta, juu apate nguvu. Ile haina na pombe."

Kosa lilikuwa ndani ya chupa hiyo. Hakuna aliyemwambia mama kwamba kinywaji kinaweza kuwa na kile kile kilichomo katika mukate. Alijua kuuliza kama kina pombe, naye aliuliza. Swali la nafaka hakufundishwa. Kwa hiyo katika barua hii tunaeleza vinywaji vitamu, vile vya duka na vile vyetu vya kijijini, na vitu vya kutia utamu, kwa mtu aliyekatazwa ngano. Na mtu ambaye hana ugonjwa huo atapata humu habari za kumsaidia pia, hasa kama anapika munkoyo ya kuuza.

GLUTENI NI NINI?

Chukua unga wa ngano, uuchanganye na maji kidogo, uukande. Unaona unavutika kama mpira. Kile kinachovutika ndicho gluteni. Ndiyo inayoshika hewa ndani ya mukate mpaka ukavimba. Jaribu hivyo na unga wa mahindi: unakatika, hauvutiki, kwa sababu hauna gluteni hiyo.

Watu wengi wanakula gluteni maisha yao yote bila shida. Lakini kuna watu wenye maladi inayoitwa seliaki. Mwili wao ukikutana na gluteni unaichukua kama adui, unapigana nayo, na katika vita hiyo unaumiza utumbo wake wenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula na kukipeleka kwenye damu. Vinyweleo hivyo vinalala, vinakwisha. Mtu anakula lakini chakula kinapita tu. Ndiyo maana anaharisha, tumbo linajaa hewa, damu inapunguka, na mtoto hakui. Si maladi ya kuambukiza, na si bulozi. Dawa yake mpaka leo ni moja: kuacha gluteni kabisa, kila siku, maisha yote.

Jambo hili lilijulikana kwa njia ya njaa. Mwaka 1944 mpaka 1945, wakati wa vita, Uholanzi ilikosa mukate. Munganga wa watoto, Willem Dicke, ambaye tayari alikuwa anashuku ngano, aliona kwamba watoto wenye maladi hii hawakuzidiwa wakati mukate haupo, na mukate uliporudi wakaanza tena kuumwa. Baada ya vita yeye na wenzake wakathibitisha kwamba ni ngano.

Tusiseme ni maladi ya Wazungu tu. Kati ya watoto wa Wasaharawi, huko Afrika ya kaskazini-magharibi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 kwa kila 100 wanayo. Hata hivyo, tusikimbilie kusema kila mtoto anayeharisha ana seliaki. Hapa kwetu kuharisha kunatoka mara nyingi kwa maji machafu, minyoo na chakula kisichotosha. Mpelekeni mtoto kwa munganga kwanza. Tena msimwondolee ngano kabla ya kipimo: mtu aliyekwisha kuacha ngano, kipimo cha damu kinaweza kusema hana kitu, na huku anaumwa.

NAFAKA ZIPI ZINA GLUTENI?

Ni tatu za kukumbuka. Tunaziandika pamoja na jina la Kifaransa, maana ndilo mnalolikuta kwenye etiketi:

- ngano: blé, au froment;
- shayiri: orge. Hii ni nafaka ya nchi za baridi, wengi wetu hatujaiona shambani, lakini tunaijua kwa mdomo, kwa sababu ndiyo inayotengeneza bia;
- rai: seigle.

Nafaka nyingine inayoitwa avoine mara nyingi inasafirishwa na kusagwa pamoja na ngano, kwa hiyo mgonjwa aiache mpaka munganga aseme.

Zisizo na gluteni ni zile tunazolima wenyewe: mahindi, mtama, ulezi, mchele, muhogo, viazi vitamu. Maharagwe, karanga na soya vilevile. Mtu wa Kapolowe aliyekatazwa ngano hakukatazwa chakula chake. Bukari ya mahindi au ya muhogo, sombe, samaki wa Tshangalele: vyote ni vyake. Shida inaingia na vitu vinavyotoka mbali, na zaidi na vile ambavyo haviitwi mukate.

CHUPA ZA DUKA

Tuanze na sukre, yaani vinywaji vya gesi visivyo na pombe. Coca-Cola, Fanta na vya namna hiyo kwa kawaida vinatengenezwa na maji, sukari, gesi, rangi, asidi na harufu. Nafaka haimo. Mgonjwa anaweza kunywa. Ile rangi nyeusi inayoitwa caramel isiwatishe, nayo haimpi shida.

Juisi ya matunda matupu haina gluteni. Juisi ya unga wa kuchanganya na maji, someni kwanza mfuko wake.

Malta ndiyo mtego. Vinywaji vinavyouzwa kwa jina la Malta au Maltina havina pombe, vinapewa watoto, mama waliojifungua na wagonjwa, na watu wanasema vinaongeza damu. Lakini malti maana yake ni nafaka iliyoloweshwa, ikachipuka, ikakaushwa. Na katika chupa hizo nafaka hiyo kwa kawaida ni shayiri. Kwa mtu wa seliaki, chupa moja kila asubuhi inatosha kumrudisha hospitali.

Unga wa kunywa na maziwa, kama Ovomaltine na Milo, nao unatengenezwa na malti ya shayiri. Tena ni kitu kinachonunuliwa kwa nia nzuri, kwa ajili ya mtoto asiyenenepa.

Bia za chupa, Simba, Tembo na nyinginezo, zinapikwa na malti ya shayiri. Bia iliyotolewa pombe ni hivyo hivyo: pombe imetoka, shayiri imebaki.

Kibuku cha kienyeji kinapikwa na mahindi au mtama au ulezi uliochipuka. Hapa watu wanachanganyikiwa, wanasema: "Si nayo ni malti?" Ndiyo, ni malti, lakini kuchipuka si kosa. Mtama uliochipuka ni mtama tu, hauwi shayiri. Ndugu zetu wa Tanzania wana togwa, uji wa mahindi unaotiwa kimea cha ulezi, na gluteni haimo. Kwa hiyo mkisikia neno malti, msikimbie na msikubali. Ulizeni: malti ya nafaka gani?

Lutuku hatuishauri kwa mtu yeyote, awe na seliaki au hana.

MUNKOYO: SUKARI YAKE INATOKA WAPI?

Sasa tuje kwa kinywaji chetu. Katika Katanga yote, na ng'ambo ya mpaka kule Zambia, munkoyo inanywewa shambani, kilioni, kwenye arusi na kando ya barabara. Inapikwa na unga wa mahindi, na ni tamu hata pasipo kutiwa kijiko kimoja cha sukari. Wengi tunaipika tangu utoto bila kuulizana utamu huo umetoka wapi.

Unatoka ndani ya mahindi yenyewe. Unga wa mahindi umejaa wanga, na wanga ni sukari nyingi zilizofungwa pamoja kama mnyororo. Ulimi hauonji mnyororo, unaonja vipande vyake. Mizizi ya munkoyo ina kitu kinachokata mnyororo huo. Ndiyo maana uji mzito wa jioni, ukitiwa mizizi iliyotwangwa, baada ya saa chache unakuwa mwepesi kama maji na unaanza kuwa mtamu. Kazi ambayo kiwanda cha bia kinaifanya kwa shayiri iliyochipuka, mama wa Kapolowe anaifanya kwa mzizi wa porini. Kwa hiyo hahitaji shayiri. Mtu aliyekatazwa gluteni amepata kinywaji chake bila kutoka kijijini.

Sukari inayozaliwa hapo inaitwa maltose. Msishtuke kwa jina. Ni sukari tu, si malti ya shayiri.

Wapishi wanatofautiana kidogo, lakini njia yenyewe ni hii:

1. Pika uji wa unga wa mahindi, uache uchemke vizuri kwa muda mrefu. Maji yawe safi.
2. Epua, uache upoe mpaka usiunguze kidole. Ukitia mizizi katika uji wa moto sana, ile nguvu ya kukata wanga inakufa, na munkoyo haitakuwa tamu.
3. Osha mizizi, itwange mpaka iwe nyuzi nyuzi, uitie ndani na kukoroga.
4. Uji ukisha kuwa mwepesi, toa nyuzi, chuja, funika.
5. Acha ilale usiku mmoja. Asubuhi ni tamu na ina uchachu kidogo.

Kadiri siku zinavyopita uchachu unapanda, na pombe nayo inapanda. Munkoyo ya siku ya kwanza ni ya mtoto na ya mkubwa. Ile ya siku ya tatu msimpe mtoto. Na maji mabichi yasiongezwe mwishoni ili bidon ijae: uji mlioupika kwa bidii unachafuliwa na kikombe kimoja cha maji ya mto.

GLUTENI INAWEZA KUINGIA WAPI?

Munkoyo ya mahindi na mizizi haina gluteni. Lakini inaweza kuipata njiani, kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni chombo. Mama anakanda unga wa beignet katika beseni asubuhi, mchana anapoozea munkoyo ndani ya beseni hilo hilo. Tupige hesabu. Kanuni ya kimataifa ya chakula, Codex, inataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisipite miligramu 20 kwa kilo moja. Kijiko cha chai cha unga wa ngano, gramu 3 hivi, kina gluteni ya miligramu 240 hivi. Kikianguka katika ndoo ya lita 10, kila lita inapata miligramu 24. Ndoo nzima imekwisha kupita kipimo, kwa kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo kupangusa beseni kwa kitambaa hakutoshi. Lioshwe kwa maji na sabuni, na mwiko wa mti na chekecheo la munkoyo visitumike kwa kazi ya ngano hata siku moja, maana unga unajificha katika nyufa.

Mlango wa pili ni mashine ya kusaga. Kama mashine inasaga ngano pia, unga wa kwanza unaotoka baada yake umechanganyika. Mgonjwa asipewe huo. Sokoni vilevile: muuzaji akipima unga wa mahindi kwa kopo aliloingiza sasa hivi katika mfuko wa ngano, amechanganya.

Mlango wa tatu ni mpishi anayefanya haraka. Mwingine anatia levure, mwingine sukari, mwingine unga wa mukate ili iwe nzito. Sukari haina gluteni, ila inabadili kinywaji, na mnunuzi ana haki ya kujua. Unga wa ngano ni hatari kwa mgonjwa. Msione haya kuuliza, kwa heshima:

"Mama, mu munkoyo yako muko bintu gani?"

"Muko mahindi na mizizi tu."

"Na beseni, unakandiaka mo beignet?"

Anayepika kwa usafi atafurahi kujibu. Na asiyejua kujibu, mgonjwa asinywe kwake.

VITU VYA KUTIA UTAMU

Sukari ya duka, nyeupe au ya kahawia, inatoka kwa muwa. Haina gluteni. Muwa wenyewe vilevile.

Asali ya porini, ile ya miombo, haina gluteni. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe asali hata kidogo, awe mgonjwa au mzima. Inaweza kubeba kijidudu ambacho katika tumbo la mtoto mchanga kinatoa sumu ya kulegeza mwili na kuzuia pumzi.

Vidonge na matone ya kutia utamu, sakarini, aspartame, stevia, havina gluteni. Vinamsaidia mtu wa maladi ya sukari. Kwa mtoto aliyekonda havina faida: ni tamu mdomoni, lakini chakula hakimo.

Kwenye etiketi kuna majina yanayofanana. Tumeyapanga hivi:

- Yaacheni: malt d'orge, extrait de malt, sirop de malt, farine de blé, amidon de blé, gluten.
- Yasiwatishe: sirop de glucose, dextrose, maltodextrine, maltose, maltitol. Hata sirop de glucose ikitoka kwa ngano, imesafishwa hata gluteni iliyobaki haimdhuru mgonjwa.

Kwa ufupi: malt ikisimama peke yake, au pamoja na orge, wekeni chupa chini. Malto- ikishikamana na neno lingine, ni aina ya sukari au ya wanga.

KISICHO NA GLUTENI SI LAZIMA KIWE CHAKULA

Tumesema sukre ni salama kwa mtu wa seliaki. Hatukusema ni nzuri kwake. Sukre ya kawaida ina sukari inayokaribia gramu 10 kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ni gramu 30, yaani vijiko 7 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 sukari za kuongezwa zisipite sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, gramu 50 hivi kwa mtu mkubwa, na ni bora zaidi zibaki gramu 25. Chupa moja imekwisha kupita hiyo bora. Mtoto anahitaji chini ya hapo. Na akishiba sukre, hatataka bukari wala maharagwe.

Tena mtoto anapoharisha, msimpe sukre wala malta kurudisha maji mwilini. Mpeni SRO ya kituo cha afya, iliyochanganywa na maji safi kama pakiti inavyosema. Sukari nyingi inaweza kuzidisha kuharisha.

Kwa mtoto anayetakiwa kunenepa, uji wa mahindi au ulezi, uliotiwa karanga zilizosagwa, unampa nguvu kuliko chupa yoyote ya duka, na makuta yanabaki kijijini.

KATIKA KOPERATIVE YETU

Tunawaomba mambo manne.

Kwanza, siku ya mkutano mkuu, kando ya bia na malta kuwe na kinywaji kimoja kisicho cha shayiri: munkoyo, juisi au sukre. Mtu asilazimike kueleza tumbo lake mbele ya watu ili apate cha kunywa.

Pili, vikundi vya mama wanaouza munkoyo watenge beseni, mwiko na chekecheo vya kazi hiyo tu, na waandike kwenye bidon: mahindi, mizizi, tarehe. Maneno matatu yanatosha.

Tatu, tuchunge mizizi. Inachimbwa porini, na shina likichimbwa lote halirudi. Chimbeni kwa kuacha sehemu ardhini, wala msiondoe mashina yote ya mahali pamoja. Na mzizi usioujua, usiutie ndani ya chungu kwa sababu unafanana.

Nne, mkimwona mtoto wa jirani anaharisha bila kwisha na hakui, msiseme analishwa vibaya, wala msitafute mlozi. Mwambieni mama yake ampeleke kwa munganga, na aende na habari ya vyote anavyokula na anavyokunywa, pamoja na zile chupa.

Yule mama tuliyeanza naye aliacha malta siku ile ile. Sasa ana bidon yake ndogo ya munkoyo, anapika mwenyewe, na mtoto anapewa ikiwa ya asubuhi. Mara ya mwisho tulipomwona alituambia: "Bananiuliza sasa ile malta nilimukatalia juu ya nini. Naba-jibu: muko mukate mu ile chupa."